Catch a Fire ya The Wailers: albamu moja, miksi mbili

Anayetaka jibu la haraka achukue toleo la diski mbili la mwaka 2001, lenye maneno Deluxe Edition kwenye kasha. Diski ya kwanza ina nyimbo 11 kama The Wailers, kundi la reggae la Bob Marley, Peter Tosh na Bunny Livingston, walivyozipiga na kuzimiksi (yaani kupanga ipi isikike juu na ipi chini) Kingston, Jamaika, mwaka 1972. Ya pili ina nyimbo 9 ambazo dunia ilizipata Aprili 1973, baada ya Chris Blackwell, mwanzilishi wa kampuni ya muziki ya Island Records, kuzitia mkono London. Diski moja peke yake inasikilizika vizuri tu, ila inakunyima kile kinachofanya albamu hii iendelee kubishaniwa baada ya miaka zaidi ya 50: kusikia ni nini kiliongezwa na nini kilipunguzwa.

Ubishi wenyewe umezoeleka. Kambi moja husema Blackwell aliharibu reggae kwa kuipaka rock ili iuzike kwa vijana wa Kizungu. Kambi ya pili husema bila yeye Bob Marley angebaki jina la Jamaika na vitongoji vya wahamiaji wa London. Sikiliza diski zote mbili kwa utulivu utaona kila kambi imeshika mkia wa ng'ombe tofauti. Kilichoongezwa London hakikuharibu kitu, na mara mbili tatu kimeinua wimbo. Kasoro iko kwenye kilichopunguzwa, na kilichopunguzwa ni besi.

Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kuisaka albamu hii nzima. Wengi wamemjua Marley kupitia Legend, ule mkusanyiko wa 1984. Ndani ya Legend kuna wimbo mmoja tu wa Catch a Fire, nao ni "Stir It Up". Mtu anaweza kuwa shabiki wa kuvaa fulana miaka 20 na asiwe amewahi kusikia "Slave Driver" wala "Midnight Ravers", na sauti ya Peter Tosh akiimba mbele akadhani ni ya kundi jingine.

Tuanze na jina, maana wenye jalada walilielewa upande. "Catch a fire" imetoka ndani ya "Slave Driver", wimbo ambao mtumwa anamwambia msimamizi wake mwenye mjeledi kwamba kibao kimegeuka. Kwa Kiswahili tungesema: utakiona cha moto. Ni onyo, tena la mtu ambaye damu bado inamsisimka akisikia mjeledi ukilia. Wabunifu wa jalada la kwanza, Rod Dyer na Bob Weiner, wakachora kiberiti cha Zippo, kile cha chuma chenye kifuniko. Ni jalada zuri, ila onyo limegeuka utani wa wavuta bangi. Jalada la pili, lenye picha ya Marley akivuta msokoto iliyopigwa na Esther Anderson, likaumaliza kabisa ule ukali wa maneno.

Sasa kazi yenyewe. Mwaka 1972 The Wailers walikuwa London wamekwama, hawana hela ya maana, baada ya safari iliyofungamana na mwimbaji wa Marekani Johnny Nash. Blackwell alikuwa ndio kwanza amempoteza Jimmy Cliff, mwimbaji wake wa Jamaika. Akawapa pauni 4,000 wakarekodi albamu kwao, na watu wa biashara ya muziki wakamcheka kwamba hela imekwenda na maji. Reggae wakati huo iliuzwa kwa santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja, na albamu zake zilikuwa mikusanyo ya nyimbo zilizokwisha kutamba. Kulipia muda wa studio ili watu wakae watengeneze albamu nzima yenye mtiririko wake, kama walivyofanyiwa wapigaji wa rock, lilikuwa jambo geni.

Walirekodi katika studio tatu za Kingston: Dynamic Sound, Harry J's na Randy's, kwenye mkanda wa njia nane. Njia nane inabidi uielewe, maana mambo mengi ya baadaye yametokana nayo: ni mistari minane kwenye mkanda, kila mmoja ukirekodiwa na kupandishwa au kushushwa peke yake. Dramu nzima hubanwa kwenye njia moja au mbili. Besi hupata njia yake. Gitaa la ridhimu, kinanda, sauti ya mbele na waitikiaji hugawana zilizobaki. Ukishabana dramu hivyo, huwezi kesho yake kuinua dramu la mguu peke yake. Ukiliinua, matoazi nayo yanapanda. Besi lakini ina njia yake, na mtu mmoja mwenye kidole kwenye kitelezi anaweza kuishusha apendavyo.

Waliopiga ni Bob Marley kwa gitaa na sauti, Peter Tosh kwa kinanda, gitaa na sauti, Bunny Livingston kwa sauti na ngoma za mkono, na ndugu wawili wa Barrett: Aston kwenye besi na Carlton kwenye dramu. Hao wawili ndio roho ya jambo. Kwenye "Concrete Jungle" besi haikupigwa na Aston, ilipigwa na kijana ambaye miaka 20 alikuwa hajaitimiza, Robbie Shakespeare, yule aliyekuja kuunda nusu ya Sly and Robbie, ile jozi maarufu ya dramu na besi. Kinanda cha wimbo huo na cha "Stir It Up" kina mkono wa Tyrone Downie, mdogo zaidi ya Robbie. Rita Marley na Marcia Griffiths wanasikika kwenye uitikiaji. Marley akaibeba mikanda mwenyewe hadi London.

Studio ya Island mtaa wa Basing Street ilikuwa na mashine ya njia 16. Ukihamishia njia nane kwenye 16, unabaki na nane tupu, na njia tupu mbele ya prodyuza ni kama sufuria tupu mbele ya mpishi. Akaitwa Wayne Perkins, mpiga gitaa wa Alabama aliyezoea kazi za studio za Muscle Shoals, mji wa hukohuko Alabama, na ambaye reggae ilikuwa ngeni kwake kabisa. Akaitwa pia John "Rabbit" Bundrick, Mteksasi wa vinanda, ambaye tayari alikuwa amefanya kazi na Nash na Marley. Fundi mitambo alikuwa Tony Platt. Marley naye alikuwepo akisimamia, kwa hiyo wale wanaosema alinyang'anywa kazi yake usiku akiwa amelala watafute hadithi nyingine.

Kabla ya kulinganisha, mambo mawili ya vifaa. La kwanza, usilinganishe miksi hizi kwenye spika ya simu. Waya mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, sauti ya chini sana. Spika ya simu haina cha maana chini ya hezi 200 hivi. Unachosikia hapo ni kivuli cha besi tu, na miksi ya London itashinda kila mara kwa sababu imepambwa juu, kwenye magitaa na vinanda. Tumia hedifoni za kufunika sikio au spika yenye sanduku la mbao, iwe karibu na ukuta. La pili, sawazisha sauti kwanza. Sikio hupenda kilichopigwa juu zaidi. Chukua mstari mmoja wa sauti ya Marley, upige kwenye diski zote mbili, rekebisha hadi sauti yake iwe na nguvu ileile, ndipo uhukumu.

"Concrete Jungle" ndio mlango, na hapa London inashinda bila ubishi. Wimbo unaanza na kinanda na klavineti zikijivutavuta, gitaa likilia juu yake, na kwa muda hujui pigo la kwanza liko wapi. Halafu dramu na besi zinashuka na ardhi inatulia. Marley anaimba juu ya mji usio na jua, mtu ambaye hana minyororo miguuni lakini hajioni huru. Katikati linakuja solo la Perkins. Lisikilize mwishoni mwake: kuna noti anayoishika na kuiacha iendelee kulia hadi amplifaya inaanza kuirudisha yenyewe, ikipanda na kubadilika bila kupigwa tena. Kitu kama hicho kwa mpigaji mwingine kingekuwa majivuno. Hapa kinafanya kazi kwa sababu chini yake besi ya Robbie haijayumba hata kidogo. Gitaa linahangaika na besi imesimama. Toleo la Kingston halina solo hilo, na ukishalizoea la London utahisi pengo.

Ukweli huo usikudanganye ukadhani kila wimbo ulihitaji gitaa. Nenda "Slave Driver". Hapa London haikugusa sana, na hapa ndipo pa kujifunza ufundi wa ndugu wa Barrett. Hesabu polepole, moja mbili tatu nne. Kwenye rock dramu la mguu lingepigwa kwenye moja. Carlton anaiacha moja tupu kabisa. Gitaa la ridhimu linakata kwenye mbili na nne, kifupi, vidole vikiachia nyuzi mara tu baada ya kupiga ili noti isilie. Kwenye tatu ndipo Carlton anaangusha mguu na kijiti pamoja, kijiti kikigonga ukingo wa snea, ile dramu ndogo ya mbele, badala ya ngozi yake. Kinanda kinajaza katikati: mkono mmoja unakwenda na gitaa, mwingine unachokonoa kwenye nusu za mapigo, ndiyo maana unasikia kama sufuria inayochemka kwa mbali. Aston kwenye besi hakimbii. Anapiga kifungu kifupi, ananyamaza, anakirudia. Kunyamaza kwake ni sehemu ya besi.

Bendi nyingi zinazopiga nyimbo hizi hotelini zinakosea palepale. Mpiga dramu aliyekulia kwenye rumba au injili anashindwa kuiacha moja, anatia mguu kidogo tu kujipa uhakika, na wimbo wote unageuka maandamano. Mpiga besi anaona nafasi tupu anaijaza. Wa ridhimu anaacha nyuzi ziendelee kulia. Makosa hayo matatu kwa pamoja yanafanya "Slave Driver" isikike haraka kuliko ilivyo, hata kama mwendo haujabadilika. Dawa ni kuanza na dramu na besi peke yake dakika tano nzima, bila mwimbaji, hadi mpiga besi azoee kunyamaza.

"400 Years" na "Stop That Train" ni za Tosh, nyimbo mbili kati ya tisa, na kundi lilikwisha kuzirekodi 1970 kwa prodyuza Leslie Kong. "400 Years" ni miaka ya utumwa, na Tosh anaihesabu kwa hasira iliyobanwa; ni chini ya dakika tatu na haikuhitaji mapambo. Sauti yake ni nzito, kavu, haibembelezi. Ndiyo chumvi ya albamu: baada ya sauti ya Marley yenye mkwaruzo na huruma, Tosh anaingia kama mjomba mkali aliyefungua mlango bila kubisha hodi. "Stop That Train" ni ya mtu anayetaka kushuka, anayeona maisha yake yamepita bila kufika anakokwenda, na kinanda kinaipa harufu ya kanisani. Mashabiki wa Legend waanzie hapa kama wanataka kujua The Wailers lilikuwa kundi la watu watatu.

"Baby We've Got a Date" ndio wimbo dhaifu. Perkins anateleza kwa kibomba cha kidoleni juu ya nyuzi kama mpiga kantri wa Marekani, na inapendeza, lakini chini yake kuna wimbo mwepesi wa miadi tu. Pita.

"Stir It Up" unahitaji maneno zaidi kwa sababu ndio unaojulikana. Marley aliutunga kwa ajili ya Rita, kundi likaurekodi mara ya kwanza 1967 enzi za rocksteady, mtindo uliotangulia reggae, na Johnny Nash akautambisha Uingereza 1972. Maneno yake ni ya jikoni: sukuma kuni, chochea moto, koroga sufuria. Msikilizaji wa Kiswahili haelekezwi hapo panazungumzwa nini. London waliurefusha hadi 5:32, karibu dakika mbili zaidi ya ule wa Kingston, wakajaza nafasi kwa gitaa la Perkins lenye pedeli ya wah-wah, ile inayofanya nyuzi zilie kama mtoto, na sinthesaiza ya Bundrick. Mara ya kwanza unavutia. Mara ya kumi unaanza kuona solo linalozunguka palepale. Wa Kingston unasema neno lake na kuondoka, na uitikiaji wa Tosh na Bunny unasikika vizuri kwa sababu hakuna kinachogombea nafasi nao. Kura yetu ni kwa Kingston, japo tunajua wengi watatupigia kelele.

Upande wa pili wa santuri, uliofunguliwa na "Stir It Up", unaendelea na "Kinky Reggae", utani wa mtu anayezurura hadi Piccadilly Circus, uliojaa vituko ambavyo havifai kufafanuliwa mbele ya wazazi. Kisha "No More Trouble", mzito na wa polepole, dua zaidi kuliko wimbo. Halafu "Midnight Ravers", na hapa ndipo lile kosa la London linauma. Ni dakika 5:08 za wimbo unaosimama juu ya besi tu: dunia iliyochanganyikiwa ambayo mwanamke na mwanamume huwatofautishi, wapita usiku waliofunika nyuso, na kifungu cha Aston kinachojirudia kama mtu anayetembea chumbani bila viatu. Kwenye diski ya Kingston kifungu hicho ndicho kinachokutisha. Kwenye ya London kimesogezwa nyuma ya vinanda, unakisikia kama kiko chumba cha pili.

Kisingizio cha ufundi hakipo. Ni kweli kwamba besi kubwa inakula nafasi kwenye santuri, kwa sababu noti za chini huchimba mifereji mipana na wenye viwanda huogopa sindano kuruka. Lakini albamu yote ni dakika 36, yaani kama 18 kila upande. Nafasi ilikuwepo tele. Besi ilishushwa kwa ajili ya masikio ya wasikilizaji wa rock, ambao kwao besi ni msingi wa nyumba na gitaa ndio sebule. Kwa mtu wa Kingston aliyekulia mbele ya spika za dansi za mitaani, besi ndio sebule.

Ukiwa na toleo la London tu, unaweza kupunguza maumivu. Kwenye kisawazisha sauti, pandisha eneo la hezi 60 hadi 80 kwa desibeli 3, si zaidi. Shusha kilohezi 2 hadi 3 kwa desibeli 1 au 2, ndiko magitaa yanakopiga kelele. Usipandishe kitufe cha besi cha redio hadi mwisho: kinabeba na sauti ya kifua ya mwimbaji, na Tosh ataanza kuimba kama aliyefunikwa blanketi. Marekebisho haya yanarudisha uzito. Hayarudishi zile nyamazo ambazo vinanda vimezijaza.

Kwenye mitandao ya kusikilizia muziki kuna mtego mmoja. Andika jina la albamu na utaletewa matoleo kadhaa yanayofanana jalada. Angalia idadi ya nyimbo kwanza. Tisa ni ya London. Kumi na moja kwa kawaida ni diski moja ya 2001: zile tisa za London, na mwishoni nyimbo mbili zilizoachwa nje. Ishirini ndiyo unayoitaka, na nyimbo za Kingston zimeandikwa Jamaican Version baada ya jina. Kumi na moja inawachanganya watu, maana diski ya Kingston nayo ina 11. Tofauti ni urefu wa "Stir It Up": ukizidi dakika tano, uko London.

Wanaotafuta santuri ya zamani wawe macho zaidi. Toleo la kwanza la jalada la Zippo lilitengenezwa nakala 20,000. Kipande cha juu cha jalada kinafunguka kwenda juu kama kifuniko cha kiberiti, kimeshikwa na ribiti ya chuma ubavuni inayofanya kazi ya bawaba, na ndani kuna moto uliokatwa kwa karatasi ngumu. Ribiti zilifungwa kwa mkono, moja moja, gharama ikawa kubwa, na mpango ukaachwa. Nakala ya Uingereza ina namba ILPS 9241 na lebo ya Island yenye ukingo wa waridi.

Jalada hilo ni bovu kwa matumizi, tuseme ukweli. Karatasi inachanika pale ribiti inapopita, kwa sababu uzito wote wa kufungua na kufunga unaishia kwenye tundu moja. Kichwa cha ribiti kinajikandamiza kwenye jalada la jirani rafuni na kuacha kovu la duara. Kifuniko kikilegea, santuri inateleza nje ukiinamisha. Kagua kwanza eneo la ribiti kwa mwanga wa pembeni: mpasuko unaotoka tunduni hauzibiki, na gundi ya karatasi inaufanya ugumu na uvunjike zaidi. Kisha jaribu kufungua kifuniko kidogo tu, kikikwama usilazimishe. Ukishanunua, itoe santuri, iweke kwenye mfuko wake wa ndani nyuma ya jalada, vyote viwili ndani ya plastiki moja, visimame wima. Matoleo ya baadaye yameiga Zippo hiyo, kwa hiyo kifuniko kinachofunguka pekee si ushahidi. Angalia namba, lebo, na jina la kundi.

Jina ndilo linalotenganisha zaidi. Jalada la kwanza linasema The Wailers, basi. Lile la Marley na msokoto, la 1974, linasema Bob Marley and the Wailers. Kati ya majalada hayo mawili kundi lilivunjika. Oktoba 1973 walitoa Burnin', iliyo kavu zaidi na isiyo na Perkins, na ndani yake mlikuwa "I Shot the Sheriff" ambao mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton aliupeleka kileleni Marekani mwaka uliofuata. Bunny alikataa safari ya Marekani, akachukuliwa Joe Higgs, yule aliyewafundisha kuimba wakiwa vijana Trenchtown, mtaa wa Kingston. Tosh hakuficha hasira yake kwa namna Island ilivyomsukuma Marley mbele na wao nyuma. Mwaka 1974 wote wawili walikuwa wametoka, na 1976 kila mmoja akatoa albamu yake: Tosh Legalize It, Bunny Blackheart Man. Kwa hiyo santuri yenye jalada la pili inauza kazi ya watu watatu kwa jina la mmoja, na mwuzaji anayekuambia hiyo ndiyo toleo la kwanza ama hajui ama anajua sana.

Mauzo ya mwanzo hayakuwa ya kutisha. Marekani haikuvuka nafasi ya 171 kwenye orodha ya Billboard. Kilichodumu ni mtindo wa kazi. Lebo zilianza kulipia albamu kamili za reggae, na Island wenyewe wakaendelea kuzinyoa. Mwaka 1975 waliichukua albamu ya Marcus Garvey ya Burning Spear, kundi lake Winston Rodney, wakaipunguza makali kwa masikio ya Ulaya, na Rodney hakufurahi. Baada ya hapo akaanzisha lebo yake mwenyewe. Tofauti ni kwamba kwenye Catch a Fire angalau kulikuwa na Perkins na Bundrick waliotoa kitu badala ya kilichochukuliwa.

Zimebaki zile nyimbo mbili zilizokatwa. "All Day All Night" ni wimbo mtamu wa mapenzi ambao albamu haikuuhitaji, Blackwell hakukosea. "High Tide or Low Tide" ni jambo jingine: Marley akiimba taratibu juu ya rafiki asiyekuacha, maji yakijaa au yakipwa, na Tosh na Bunny nyuma yake wakiwa karibu kuliko popote kwenye albamu. Mtu wa pwani anayejua bamvua na maji mafu hahitaji tafsiri. Umma haukuupata hadi 1992, kwenye mkusanyo wa Songs of Freedom. Ukinunua diski moja ya 2001 utaukuta umebandikwa mwisho, baada ya "Midnight Ravers" kwisha zake. Kwenye diski ya Kingston ni wa tatu, mara tu baada ya ule "Stir It Up" mfupi.